Axio ya petroli au ya haibridi: hesabu ambayo muuzaji haifanyi

Toyota Corolla Axio ni gari ambalo familia nyingi za kipato cha kati nchini Kenya hulifikiria kabla ya jingine lolote, na katika yadi za Barabara ya Ngong jijini Nairobi si ajabu kuziona mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, mwaka mmoja, rangi moja, ila bei zimeachana. Kwa macho, tofauti ni nembo yenye kivuli cha buluu na neno dogo la kutambulisha haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Muuzaji akiulizwa kwa nini moja ni ghali kuliko nyenzake, jibu lake huwa fupi: hii inakwenda kilomita 33 kwa lita. Tarakimu hiyo haikubuniwa yadini, imetoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Hata hivyo, inajibu swali la mtu aliyenunua gari hili likiwa jipya Japani, wala haimsaidii sana mtu anayelinunua likiwa na umri wa miaka sita au saba Nairobi.

Tuanze na tarakimu zenyewe. Axio ya kizazi hiki ilitoka mwaka 2012, na toleo la haibridi likafuata Agosti 2013. Baada ya maboresho ya mwaka 2015, Axio ya petroli ya cc 1,500 yenye gia za CVT, zinazojibadilisha zenyewe bila hatua, ilitangazwa kuwa inakwenda kilomita 23.4 kwa lita, na ya haibridi kilomita 33.8. Vipimo hivyo vilipatikana kwa utaratibu wa Kijapani uitwao JC08, ambao hufanyika maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya kupimia, kwa muda wa takriban dakika 20, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa na usiozidi kilomita 82, tena kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Hakuna tuta ndani ya kipimo hicho, hakuna mlima, hakuna matatu inayojitosa mbele yako bila taarifa, na hakuna abiria watano na magunia mawili ya viazi kwenye buti. Kwa hiyo tarakimu zote mbili hushuka zikifika huku. La kuzingatia ni kwamba hazishuki kwa kiasi kilekile, na kiasi cha kushuka hutegemea barabara unayoitumia.

Haibridi ya Axio ina injini ya petroli ya cc 1,496 ambayo yenyewe ni dhaifu, nguvu farasi 74 tu, ikisaidiwa na mota ya umeme ya nguvu farasi 61. Zikifanya kazi pamoja hutoa takriban nguvu farasi 100, chini kidogo ya zile 109 za injini ya petroli iliyoletwa mwaka 2015. Siri ya toleo hili imo katika mgawanyo wa kazi. Injini ya petroli hufanya kazi vibaya zaidi pale gari linaposota polepole na kusimama kila baada ya mita 20, na hapo ndipo kompyuta ya haibridi huizima kabisa na kuiachia mota kazi ya kulisogeza gari. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu ambayo katika gari la kawaida ingeishia kuwa joto kwenye pedi. Anayetoka Kitengela alfajiri na kurudi jioni kwenye msongamano wa Mombasa Road anaishi ndani ya mazingira ambayo mashine hii iliundwa kwa ajili yake. Ndiyo maana pengo kati ya magari haya mawili hupanuka kadiri foleni inavyozidi kuwa ndefu, jambo ambalo humshangaza mtu aliyezoea kuamini kwamba gari lolote hula kidogo likiwa kwenye barabara kuu.

Kwenye barabara kuu mambo hubadilika. Kwa mwendo wa kilomita 90 au 100 kwa saa, injini ya haibridi huwa inafanya kazi karibu wakati wote, breki hazikanyagwi mara kwa mara, na betri haina kikubwa cha kuvuna. Bado haibridi hula kidogo zaidi, kwa sababu injini yake imeundwa kuchoma petroli kwa utaratibu unaofinya nguvu nyingi kutoka tone dogo, lakini injini mpya ya petroli ya Axio iliazima utaratibu huohuo mwaka 2015 na kulipunguza pengo. Mtu anayesafiri kila mwisho wa juma kwenda Nyeri au Nakuru na kuliacha gari nyumbani siku za kazi hataona muujiza kwenye kituo cha mafuta.

Mteremko wa kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu unaonyesha vizuri mipaka ya mfumo huu. Betri kubwa ya Axio ya haibridi, ijapokuwa huitwa kubwa, hubeba nishati isiyofika hata uniti moja ya umeme: volti 144 kwa saa-ampea 6.5, yaani takriban wati-saa 936. Gari likiwa limejaa watu, mteremko ule una nishati nyingi kuliko betri hiyo inavyoweza kumeza. Nusu ya kwanza ya safari dereva huona vipimo vya betri vikipanda kwa kasi, kisha hujaa, na kuanzia hapo mota haina pa kupeleka umeme. Asiyejua huendelea kukanyaga breki za kawaida mpaka zinaanza kunuka. Anayejua husogeza mkono wa gia hadi herufi B, injini ikazungushwa bila kuchoma mafuta ili ilizuie gari. Safari ya kurudi ina kasoro ya upande wa pili: katika kupanda, msaada wa mota hutegemea chaji iliyopo, na ikipungua, mzigo wote huangukia ile injini ya nguvu farasi 74. Gari litafika juu, lakini dereva wa lori la mahindi atakuwa na muda wa kutosha wa kusoma namba yako ya usajili.

Pwani, mtihani ni mwingine. Kiyoyozi cha haibridi huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, hivyo kinaweza kupuliza baridi injini ikiwa imezimwa, na katika foleni ya kusubiri feri ya Likoni saa nane mchana hiyo ni starehe ambayo gari la petroli haliwezi kuitoa bila kuunguza mafuta mfululizo. Betri ikishuka, injini huwaka dakika chache na kuzima tena. Gharama yake huja kimyakimya, kwa sababu joto ni adui wa betri za aina hii, na gari lililokaa miaka mingi katika hali ya hewa ya Mombasa haliwezi kulinganishwa na lililokaa Limuru hata kama kilomita zake ni sawa.

Sasa tufanye hesabu ambayo muuzaji haifanyi. Tuchukue petroli kuwa shilingi 185 kwa lita, tukijua kwamba EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei upya tarehe 14 ya kila mwezi, na tumchukue mwenye gari binafsi anayeendesha kilomita 12,000 kwa mwaka. Tukikadiria kwamba katika msongamano wa jiji gari la petroli litakwenda kilomita 11 kwa lita na la haibridi 19, la kwanza litanywa takriban lita 1,091 na la pili lita 632, na akiba ya mwaka itakuwa karibu shilingi 85,000. Mtu huyohuyo akihamia maisha ya barabara kuu, ambako tukadirie kilomita 17 kwa 21, akiba hushuka hadi shilingi 25,000 hivi. Gari ni lilelile na kilomita ni zilezile, lakini faida imekatwa zaidi ya mara tatu. Hata tukirudi kwenye bei ya Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217.36 kwa lita jijini Nairobi, akiba ya mtu wa mjini ingepanda hadi karibu laki moja na ya mtu wa barabara kuu ingebaki chini ya 30,000. Kupanda kwa bei ya mafuta, ambako hutajwa kila mara kuwa sababu ya kununua haibridi, kunaathiri uamuzi huu kidogo kuliko anwani ya nyumbani na ya kazini.

Upande wa pili wa mizani kuna tofauti ya bei ya kununua. Tofauti hiyo huanzia kwenye mnada wa Japani ikiwa ndogo, halafu hukua njiani, kwa kuwa kodi za kuingiza gari Kenya hutozwa kwa asilimia na hupandiana. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, ushuru wa bidhaa hukokotolewa juu ya jumla ya thamani ya gari na ushuru huo wa forodha, na VAT ya asilimia 16 hukaa juu ya vyote. Tena KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haikadirii kodi kwa kutazama risiti ya mnunuzi. Hutumia orodha yake ya bei za magari hayo yakiwa mapya, kisha hupunguza kulingana na umri. Gari lililokuwa ghali likiwa jipya huendelea kuadhibiwa kwa ughali huo bandarini Mombasa, hata kama betri yake imechakaa. Orodha haijui habari za betri.

Tuseme basi kwamba kwenye yadi haibridi inamzidi mwenzake kwa shilingi 200,000. Mtu wa mjini atairudisha pesa hiyo kwa miaka miwili na miezi minne hivi, na mtu wa barabara kuu kwa miaka minane. Tukiongeza laki moja na nusu ya kushughulikia betri wakati fulani njiani, wa kwanza anasubiri miaka minne na wa pili miaka 14, yaani mpaka gari litakapokuwa na umri wa miaka 20 na zaidi. Dereva wa teksi za programu anayekwenda kilomita 40,000 kwa mwaka, karibu zote mjini, huokoa takriban shilingi 283,000 kila mwaka, na hata baada ya kulipia betri amemaliza deni hilo ndani ya miezi 15. Ni wazi kwa nini madereva hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzikumbatia haibridi.

Ile laki moja na nusu ndiyo kiini cha suala zima, na ndiyo isiyozungumzwa yadini. Toyota nchini Japani hulipatia gari jipya la haibridi dhamana maalumu ya miaka mitano au kilomita 100,000 inayohusu vifaa vikuu vya mfumo huo. Ukaguzi wa lazima wa magari ya huko hufanyika mara ya kwanza gari likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kwa kuwa ukaguzi huo una gharama, wengi huuza gari linapokaribia mwaka wa tano au wa saba. Kenya nayo, kwa kanuni ya KEBS, shirika lake la viwango, hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Ukiziweka kalenda hizi tatu pamoja, utaona kwamba magari mengi hufika Mombasa katika kile kipindi ambacho dhamana imekwisha na betri inaelekea uzeeni. Mmiliki wa kwanza alifaidi akiba ya mafuta akiwa na kinga ya mtengenezaji. Mmiliki wa pili hulipishwa zaidi kwa ajili ya akiba hiyohiyo na hubeba hatari yote peke yake. Kwa maoni yangu, katika soko lenye haki, haibridi ya miaka saba isiyokuwa na kipimo cha betri ingepaswa kuuzwa bei sawa na ya petroli, au chini kidogo.

Tanzania kalenda hiyo ni ndefu zaidi. Huko hakuna marufuku ya umri bali ushuru wa ziada wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi hapo, na matokeo yake ni kwamba haibridi za mwaka 2013 na 2014 bado zinaweza kuteremshwa Dar es Salaam zikiwa na betri zilezile zilizotoka nazo kiwandani. Mnunuzi wa huko anapaswa kuihesabu betri kama sehemu ya bei, siyo kama bahati mbaya inayoweza kutokea.

Je, betri yenyewe inapimikaje? Ndani ya sanduku lililo chini ya kiti cha nyuma mna moduli 20 za nikeli, yaani vipande vya betri, zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 7.2. Betri haifi yote kwa siku moja. Moduli moja au mbili hudhoofika, volti zake huanguka kuliko za jirani zake gari linapovuta nguvu, kompyuta hugundua tofauti hiyo, na taa ya onyo huwaka pamoja na msimbo P0A80 ambao kila fundi wa haibridi mjini anaujua kwa kichwa. Karatasi ya mnada wa Japani itakueleza mikwaruzo ya bodi, usafi wa ndani na kilomita zilizosomeka, lakini haitakueleza moduli ya tisa imebaki na uwezo kiasi gani. Hilo hujulikana kwa kuunganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na kulipeleka gari barabarani, kulikimbiza na kulifungia breki, huku mtu wa pili akitazama volti za kila jozi ya moduli. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo la nusu saa amekwisha kukupa jibu.

Betri ikianza kusumbua, tiba iliyo rahisi kupatikana mtaani ni kubadilisha moduli zilizokufa na kuweka nyingine zilizotolewa kwenye betri kuukuu. Ni rahisi na taa huzimika. Lakini moduli hizo 20 hufanya kazi kama wabebaji wa jeneza moja, ambapo mmoja akilegea uzito huhamia kwa wengine, na ukichanganya wenye nguvu tofauti hujapunguza tatizo, umeliahirisha. Miezi michache baadaye huanguka nyingine, kisha nyingine. Fundi makini huzitoa zote, huzichaji na kuzimaliza chaji mara kadhaa, huzipanga kulingana na uwezo uliobaki, na hukataa kurudisha zile zisizolingana, nayo ni kazi ya siku kadhaa ambayo wengi hawataki kuilipia.

Mara nyingine betri huuawa na uzembe mdogo sana. Hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye kichujio karibu na kiti cha nyuma. Watoto hutupa koti hapo, mizigo hulaliana hapo, na vumbi la barabara ya murram hugandamana kwenye kichujio mpaka hewa haipiti. Kukisafisha ni kazi ya bisibisi na brashi. Nashangaa kwamba gari linaweza kupelekwa sevisi miaka mitatu mfululizo, oili ikabadilishwa kila mara, na kusiwe na mtu aliyewahi kulifungua tundu hilo.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuzungumzia hatari za haibridi kana kwamba Axio ya petroli haina zake. CVT ya toleo la petroli hufanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na mkanda huo hutegemea oili maalumu ya CVT. Akija fundi wa kando ya barabara akaongeza oili ya gia za otomatiki za kawaida kwa kudhani kwamba zote ni moja, mkanda huanza kuteleza, gari hutetemeka likiondoka, na gharama ya kubadilisha gia nzima inaweza kufuta akiba ya mwenye gari sawasawa na betri. Gia za haibridi, ingawa nazo huandikwa kuwa za CVT, hazina mkanda huo. Ni meno ya chuma yanayozungukana kati ya injini na mota mbili, na ni nadra kuharibika. Haibridi pia haina stata wala altaneta ya kawaida, na pedi zake za breki hudumu kwa sababu mota hufanya sehemu kubwa ya kazi. Zipo Axio za petroli zenye mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani, nazo huhitaji betri ndogo ya aina maalumu iliyo ghali kuliko ile ya kawaida, gharama ambayo wengi huigundua dukani. Kwa upande wa haibridi, kifaa kinachosimamia shinikizo la breki ni ghali, na pampu yake ikisikika ikiunguruma kila baada ya sekunde chache bila breki kukanyagwa, mnunuzi aondoke.

Kwa mwenye familia anayevuka Nairobi kila siku ya kazi na kukaa saa mbili au tatu kwenye foleni, ningemshauri haibridi, lakini kwa sharti la kipimo cha betri na kwa tofauti ya bei isiyozidi akiba yake ya miaka miwili ya mafuta. Kwa mwalimu wa Bungoma, mfanyabiashara wa Embu, au mstaafu anayekwenda kanisani na sokoni, petroli inatosha kabisa, na ile laki mbili ina kazi bora zaidi ya kufanya. Umbali kutoka kwa fundi nao una uzito. Axio ya petroli inaweza kufunguliwa na kufungwa karibu katika kila mji wenye gereji, ilhali haibridi iliyowasha taa ya onyo huko Lodwar itasafiri juu ya lori.

Kuna jambo moja zaidi linalobadilisha soko. Corolla mpya ilipotoka Japani Septemba 2019, Axio haikufa. Iliendelea kuundwa kwa jina la Axio EX, ikilenga kampuni na taasisi, mpaka uzalishaji ulipokoma mwaka 2025. Kanuni ya miaka minane inavyosogea mbele, Axio zitakazoruhusiwa kuingia Kenya zitazidi kuwa hizo za kampuni, zenye viti vya kitambaa kigumu, mapambo machache na kilomita nyingi. Mnunuzi wa petroli ana sababu ya kuziogopa kilomita hizo, kwa ajili ya ule mkanda wa gia. Mnunuzi wa haibridi atazame zaidi kumbukumbu za sevisi, kwani betri ya nikeli iliyotumika kila siku na kuhudumiwa kwa ratiba huweza kuwa na afya kuliko ya gari lililolala gerejini miezi mingi likiwa na kilomita chache za kupendeza.